Chanjo Zilizoganda

Muuguzi alifungua friji ya zahanati asubuhi, akakuta rafu zote zimejaa soda. Chupa za chanjo ya pepopunda, dozi ya nyongeza ya wanafunzi mia moja na arobaini, zilikuwa zimesukumwa juu kwenye barafu. Alizishika. Zimeganda kama mawe.

"Nani kagusa friji yangu?"

"Mimi," alijibu mganga mfawidhi, akijifunga tai. "Wageni wanakuja kuzindua zoezi la chanjo shuleni. Tuwape soda za moto? Zianike kidogo, zitayeyuka."

"Chanjo hii ikiganda imeshakufa, bosi. Tutawachoma maji."

"Maji hayaui mtu. Wapiga picha wako njiani."

Mwaka juzi muuguzi alikuwa amemuuguza kijana aliyekanyaga msumari akapata pepopunda: taya zimekaza, mgongo umepinda, akili timamu mpaka pumzi ya mwisho. Mama yake alishinda mlangoni na chupa ya uji, akiuliza kama mtoto ataweza kumeza.

Ukumbini shuleni, vijana walikuwa wamepanga foleni, mikono ya mashati imekunjwa. Binti yake mwenyewe alikuwa wa kwanza.

"Mama, anza na hawa wenye ndevu," alisema. "Ndio wanaozimia."

Wenzake wakacheka. Muuguzi hakucheka. Alitoa chupa moja iliyoyeyuka, akaiinua mbele ya wageni. Mabonge meupe yalikuwa yanazama chini.

"Hizi ziligandishwa ili soda zenu zipoe. Simchomi mtoto yeyote, wangu wala wa mwenzangu."

Mgeni rasmi aliweka soda yake chini taratibu.

Mganga alimvuta pembeni. "Umenidhalilisha."

"Bado. Subiri niandike ripoti."

Aliandika kurasa tatu. Alichojibiwa ni barua ya onyo, kwa "kuzua taharuki". Chanjo mpya zilifika baada ya wiki tatu, lakini waliojitokeza walikuwa tisini na moja tu. Mganga alikuwa amewaambia wazazi kwamba muuguzi ndiye aliyeharibu zile za mwanzo, na wengine wakaapa kwamba watoto wao hawachomwi tena.

Muuguzi alibeba kisanduku cha baridi na orodha ya majina arobaini na tisa, akaenda nyumba kwa nyumba. Mlango wa kwanza ulifunguliwa nusu.

"Si wewe uliyesema ni mbovu?" mama mmoja aliuliza.

"Ndiye mimi, dada. Na zingekuwa mbovu tena, ningekuja kukwambia. Mwite mtoto."

Mama alikitazama kisanduku. Kisha akageuka, akamwita binti yake.