Neno Jekundu kwenye Menyu

Katika mkahawa ule kulikuwa na neno moja ambalo Mama hakutaka kulisikia: imekwisha. Wali ukiisha, mteja aliambiwa, "Wenzako wamekuwahi." Kuku akiisha, "Leo kuku kapendwa." Hata sufuria iwe imekwanguliwa mpaka inang'aa, mtu alitafuta lolote jingine la kusema. Mama alilirithi katazo hilo kwa mama yake, pamoja na upawa wa mti na ile supu.

Na supu ndiyo iliyokuwa mkahawa wenyewe. Vingine vyote vilikuwa vya kusindikiza. Hakuna aliyewahi kumwona Mama akiiunga. Kila alfajiri, wakati wa kuiunga ukifika, alimtoa binti yake jikoni: nenda kapanguse meza, nenda kaangalie kama mkaa umeletwa. Binti huyo, ambaye wateja walimwita Dada Kaunta kwa kuwa ndiye aliyekaa kaunta tangu baba yake afariki, alikuwa mtu mzima, ana binti yake anayesoma, na bado alifukuzwa jikoni kama mtoto aliyedokoa nyama. Jambo hilo lilimuudhi. Akilalamika, Mama alicheka tu.

"Supu hii haina wapishi wawili, mwanangu. Subiri zamu yako."

Basi wakaishi hivyo, mpaka mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, fundi wa simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alipokuja na misimbo yake ya QR. Alibandika stika kwenye kila meza. Mteja aelekeze simu, vyakula vyote vimjie na picha zake. Kazi ya kuimba wali, kuku, samaki, maharage mpaka koo likauke imepitwa na wakati. Mama aliishika stika moja, akaisogeza mbali na macho, akaigeuza juu chini.

"Chakula kiko wapi hapa? Mimi naona vinyesi vya nzi."

Wateja walicheka, Fundi naye akacheka, na Mama akaacha zibandikwe, maana tangu lini kitindamimba akanyimwa kitu.

Kosa lilikuwa moja, na mtoto aliyelelewa jikoni mle hakuwa na udhuru. Mbele ya kila chakula aliweka mahali pa kubonyeza, ili kikiisha dada yake aguse simu ya kaunta na mteja aone maandishi mekundu: IMEKWISHA. Mama hakuyaona, ila alisikia mhudumu akiyasoma kwa sauti. Akaacha kukatakata vitunguu.

"Umeliandika?"

"Mama, ni neno tu."

"Hata jina lako ni neno tu. Mbona ukiitwa unageuka?"

Fundi akaahidi kulibadilisha kesho. Kesho yake ikawa na kesho yake, kama mnavyowajua mafundi.

Asubuhi moja neno jekundu likatokea mbele ya samaki, na friji imejaa samaki. Dada Kaunta akalifuta, akaulaumu mtandao. Kabla ya mchana harufu iliwaambia kwamba friji ilikuwa imekufa kimyakimya, na samaki wote wakaishia jalalani. Baada ya siku kadhaa ikawa zamu ya maziwa. Neno likatokea, na muda si mrefu sufuria ikamteleza mhudumu, maziwa yakatapakaa mpaka mlangoni. Hasara ilimuuma Dada Kaunta, lakini kilichomtisha ni kitu kingine. Mara zote mbili hakuwa ameigusa simu ya kaunta. Alijipa moyo kwamba ni bahati mbaya, akajifanya kuamini.

Kulikuwa na mzee mstaafu wa posta aliyekunywa supu kila asubuhi kwenye meza ya dirishani. Huyu aliupenda msimbo kuliko vijana. Hata chakula akikijua, lazima auskani kwanza. Siku moja aliielekeza simu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Dada Kaunta, leo mnanifukuza kwa adabu? Sijaketi vizuri, supu imekwisha?"

Dada Kaunta akatazama simu yake. Kweli. Supu, na mbele yake neno jekundu.

Aliingia jikoni mbiombio. Sufuria kubwa ilikuwa mekoni, imejaa, inatokota taratibu. Mama alikuwa kando yake akisafisha mboga huku akiimba kwa puani, mzima wa afya. Lakini friji nayo ilikuwa imejaa samaki. Dada Kaunta alisimama pale akijiuliza supu ile ingeishaje. Sufuria ikimwagika, kesho itapikwa nyingine. Mifupa ikikosekana, keshokutwa itapatikana. Ingekwisha kwa njia moja tu, nayo ilikuwa imeketi kwenye kigoda ikisafisha mboga.

Alimwita Fundi, naye akaja akitafuna. Akalifuta neno, likarudi. Akaiondoa supu yote kwenye menyu. Ikarudi mahali pake na wekundu wake. Akazima mtambo mzima, akang'oa na stika. Mzee wa posta akawaonyesha simu yake: bado lilikuwepo. Fundi akaacha kutafuna.

"Dada, mimi sijui," alisema. Na fundi anayesema hajui, ujue mambo yamemzidi.

Dada Kaunta akapiga moyo konde, akarudi jikoni. Fikra ilimjia ghafla, akaishikilia kwa mikono miwili: ikiwa na mtu mwingine anaweza kuipika, supu haitakuwa imekwisha. Na kama haikwishi, basi hata Mama hana pa kwenda.

"Mama, nifundishe supu. Leo. Sasa hivi."

Alitegemea kicheko. Mama hakucheka. Alijifuta mikono, akamtazama muda mrefu, jinsi alivyomtazama siku ya harusi yake.

"Umeona nini?"

Dada Kaunta akaibana simu kifuani.

"Jekundu?" Mama akauliza.

Akatikisa kichwa kukubali. Mama akashusha pumzi, akamwambia afunge mlango.

Akaanza kumweleza: vitunguu huchomwa kwenye makaa na maganda yake. Mifupa huoshwa kwa maji ya moto, kisha ya baridi. Hayo Dada Kaunta aliyakisia zamani kwa kunusa tu. Kisha Mama akafungua kabati la chini, akatoa chungu kidogo chenye kifuniko, na ndani yake mlikuwa na supu ya jana, kiasi cha upawa mmoja.

"Ya jana huwa naibakiza, naichemsha usiku, kesho yake naitia kwenye mpya. Hivyo kila siku. Bibi yako alifanya hivyo, na mama yake. Supu hii haijawahi kuisha, mwanangu. Humu yumo bibi yako. Sasa umeelewa kwa nini lile neno halisemwi."

"Na leo ulishaitia?"

"Leo mkono ulikataa. Nimekaa hapa nangoja, sijui nangoja nini." Akampa upawa. "Tia wewe."

Dada Kaunta akatia. Harufu ilibadilika papo hapo, ikawa ile anayoijua tangu utotoni. Mlangoni mzee wa posta akagonga.

"Jamani, imerudi. Naomba bakuli langu."

Dada Kaunta alimkumbatia mama yake, akalia kwa furaha mpaka kitambaa cha kichwani kikamdondoka. Aliamini, kwa Mungu wake na kwa akili yake, kwamba amemwokoa. Mama alimpigapiga mgongoni, akafungua aproni yake, akamfunga binti kiunoni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akatoka jikoni, akaenda kuketi meza ya dirishani mkabala na mzee wa posta, kama mteja.

"Niletee na mimi. Miaka yote hii nimekula yangu mwenyewe, leo nionje ya mwenzangu."

Dada Kaunta akamletea. Mama akapuliza, akaonja, akafumba macho.

"Chumvi sawa," alisema.

Binti akarudi kaunta akitabasamu peke yake. Kwenye simu supu ilikuwa safi, haina neno. Alipoinua macho, Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, na mzee wa posta alikuwa ameweka kidole mdomoni, akiwaomba watu wapunguze kelele, Mama Supu kasinzia.

Hakuwa amesinzia.

Menyu ilikuwa ya vyakula tu. Haikuwa na mahali pa watu. Dada Kaunta alilielewa hilo usiku wa msiba, alipoacha waombolezaji sebuleni akaenda kuchemsha upawa mmoja wa supu usije ukachacha. Aliipigania supu akidhani anampigania Mama, na Mama alijua, na akamwachia.

Walipofungua tena, Fundi alikuwa amelibadilisha neno. Sasa kitu kikiisha menyu inasema: Wenzako wamekuwahi. Wateja wanacheka wakilisoma.

Likizo ilipofika, binti wa Dada Kaunta aliamka naye alfajiri, akasogeza kigoda karibu na meko.

"Mama, leo nataka nione unavyoiunga. Si ipo siku nitaipika mimi?"

Dada Kaunta, mkono tayari uko kwenye kabati la chini, alikumbuka siku yeye mwenyewe alipoomba afundishwe. Akaurudisha mkono taratibu, akalazimisha kicheko.

"Nenda kapanguse meza, mwanangu."