Shangazi Haenei Sebuleni

Penye wazee hapaharibiki neno, wanasema. Labda neno. Picha, penye wazee, huharibika kabla kamera haijatoka mkobani.

Chiriku aliligundua hilo Jumapili mchana, alipotandaza michoro yake mezani, sebuleni, na kuwaita watu wa nyumbani waje watazame. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake tangu utotoni, kwa ajili ya mdomo usiojua likizo. Sasa alikuwa chuoni, darasa la sanaa, chini ya mwalimu ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Kivuli. Ukimpelekea hata picha ya malaika, swali lake ni lile lile: "Kivuli chake kinaangukia wapi?"

Safari hii kazi ilikuwa mfululizo wa picha za maajabu. Unapiga picha watu na vitu, kila kimoja peke yake, kisha unaviunganisha kwenye kompyuta mpaka jicho lione kitu ambacho akili inakikataa. Lakini kwanza mpango. Kila picha ichorwe kwa penseli, pamoja na mshale wa kuonyesha mwanga unatoka upande gani. Na kila atakayeonekana auone mchoro wake na akubali kwa kinywa chake. Mpango ulitakiwa Jumatatu asubuhi. Asiye na mpango angepiga picha bakuli la matunda muhula mzima. Chiriku alikwisha kupewa adhabu hiyo muhula uliopita. Machungwa yale aliyajua mpaka vipele vyake.

Wazo lake lilikuwa moja tu: kila mtu wa nyumba ile aonekane kwa ukubwa wa sauti yake.

Mama, ambaye sauti yake si kubwa lakini haikosi kufika, alichorwa nje ya dirisha, uso wake umeliziba lote.

"Kitambaa hiki cha kichwani sikitaki," mama alisema. "Nivishe kile cha bluu."

"Mama, hii ni penseli."

"Kwani penseli yako haijui bluu?"

Akaahidiwa bluu, akakubali. Mjomba, kinyozi aliyezoea kunong'ona kwa kuwa anashinda karibu na masikio ya watu, alijikuta ana urefu wa kitana, amejilaza juu ya bega la mteja.

"Safi sana. Niandikie namba ya simu ya duka hapo mgongoni."

"Mjomba, hii ni sanaa!"

"Na kunyoa je? Ni kufyeka majani?"

Naye akakubali. Chiriku akaanza kujiona mjanja. Ndipo shangazi akavuta kiti.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi cherehani. Miaka mingi ya kuzungumza juu ya mlio wa mashine ilimwachia sauti isiyojua kushuka hata mashine ikizimwa. Katika mchoro wake sebule ilijaa nyayo mbili, kila moja kama kochi. Magoti yalikuwa yamepita darini. Kichwa kilikuwa nje, juu kabisa, na ndege ametua sikioni.

"Huyu nani?"

"Wewe, shangazi."

"Na hili paa limefanya nini?"

"Limekupisha."

"Mimi? Sauti yangu mimi ndiyo ya kupasua paa?"

Aliuliza hivyo, na jirani akajibu kutoka nyumba ya pili, "Hapana, mama, endeleeni tu!"

Mjomba akageukia ukuta, mabega yanamcheza. Chiriku akajitia hamnazo, akaeleza ufundi. "Nitalala sakafuni na kamera, nikupige kutoka chini kwenda juu. Mtu akipigwa hivyo anakuwa mlima."

"Ulale sakafuni, chini ya gauni langu?"

"Utavaa suruali."

"Jamani, mwenzenu navishwa suruali!"

Pengine yangeishia kwenye kicheko. Lakini shangazi alinyoosha mkono akavuta karatasi ya mwisho, ile ambayo Chiriku aliiweka chini kabisa kwa makusudi. Baba alikuwa humo, ameketi kwenye ukingo wa kisosi, miguu inaning'inia, anasoma gazeti dogo kama stempu.

Akaiinua juu ili wote waione.

"Kaka yangu," shangazi alisema. "Mwenye nyumba. Kwenye kisosi, kama mende! Chiriku, muombe baba yako radhi. Ukimaliza, uniombe na mimi. La sivyo uso wangu usiuguse."

Chiriku alimtazama baba yake. Mchoro ule ndio alioufanya kwa muda mrefu kuliko yote. Alimchora mpaka mikunjo ya gazeti. Baba alivaa miwani, akaisogeza karatasi puani.

"Mistari hii hapa juu ni nini?"

"Kelele, baba. Zinapita."

"Juu yangu?"

"Juu yako."

"Hazinigusi?"

"Hazikuoni hata."

Baba aliirudisha karatasi mezani polepole. "Nimekubali," alisema. "Ila gazeti liwe la siku hiyo."

Hapo mjomba alishindwa, akaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alimtazama kaka yake kama mtu aliyesikia siri yake ikitangazwa sokoni, kisha akamgeukia binti.

"Na wewe uko wapi humu?"

"Mimi ndiye mpiga picha."

"Ahaa! Mwenye kisu hajikati. Mdomo wote huo umeuficha nyuma ya kamera."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Chiriku akachukua karatasi mpya. Akachora mlango wa mbele wa nyumba, akaugeuza kinywa, meno yake ndiyo ngazi, na watu wote wa nyumbani wanapandia humo. Akaweka mshale wa mwanga. "Mimi huyo."

Shangazi aliinama. Mdomo wake ulitikisika kidogo. "Meno umejipunguzia."

"Nitaongeza."

"Haya. Nakubali kila kitu, suruali na paa. Lakini kwanza radhi. Neno moja tu, mtu hafi."

Mama alimkonyeza Chiriku: sema, mwanangu, yaishe. Ni kweli lilikuwa neno moja, na Jumatatu ingeokoka. Chiriku alilipima mdomoni, akaona halimezeki wala halitemeki.

"Shangazi, nikisema samahani nitakuwa nimesema picha ni ya uongo," alisema. "Umejiona, ndiyo maana umekasirika. Uso wako ni wako; ukiunyima, nitaufuta, na kwa kuwa bila wewe nyumba hii haijatimia, kesho nitamwambia mwalimu sina mpango. Lakini radhi siombi. Leo siombi, na kesho ukiniuliza tena, siombi."