Shangazi Akata Waya wa Chaji Isiyo na Waya

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani akiona kitu kinaning'inia hukikata. Hilo nilipaswa kulikumbuka kabla sijamnunulia chaji isiyo na waya. Sikulikumbuka, kwa hiyo nusu ya lawama naibeba mimi.

Tundu la chaji la simu yake alikwisha kuliua mwenyewe, kwa kulichokonoa na sindano akitoa vumbi la vitambaa. Ndipo nikamletea kisahani cheusi: unalaza simu juu yake, inajaa yenyewe. Nikamwambia, "Shangazi, hii haina waya," nikaenda zangu kazini kama mtu mwenye akili.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, alikuwa amemposa. Hakutaka kumbana. Alisema atapiga simu saa kumi alasiri. Asipopokea, atajua jibu ni hapana na hatamsumbua tena. Shangazi alishaamua kukubali, ingawa mbele yangu alijifanya bado anafikiria.

Saa tisa na nusu nikarudi. Simu imelala juu ya kisahani, nyeusi ti.

"Waya uko wapi?" nikauliza.

"Waya upi?"

"Wa hiki kisahani!"

"Si ulisema hakina waya? Nimekitoa kwenye boksi nikakuta waya unaning'inia. Nikajua waliotengeneza ni wavivu, hawakumalizia kazi. Mimi simpi mteja nguo ina nyuzi."

Aliukata kwa mkasi wa kitambaa, tena karibu kabisa na shina, akautupa kapuni pamoja na vipande vya bitana. Nilitaka kulia, nikacheka, kisha hasira ikanirudia.

"Basi twende kwa Mwalimu. Namba yake imo kwenye simu hii iliyozima, na kwake ni dakika kumi tu."

"Mwanamke mzima nijipeleke mlangoni kwa mtu kama muuza maziwa? Thubutu! Atapiga."

Nikauokota waya, nikamenya ncha kwa meno, nikaunga, nikachomeka ukutani. Kimya. Kumbe simu ilikuwa imevalishwa koti la sufi, nene, alilolifuma kwa mikono yake.

"Ivue, Shangazi. Umeme haupiti humo."

"Mbele za watu?"

"Watu gani? Niko peke yangu!"

Saa kumi na dakika nane simu ikafumbua jicho. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Nimekupigia, hupatikani. Nimekuelewa. Nakutakia heri." Shangazi akakaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani. Sijawahi kumwona hivyo, na niliumia sana.

"Mpigie wewe!" nikamwambia. "Lakini usiinyanyue, ina asilimia moja. Na leo hakuna salamu. Sema neno moja tu."

Lilikuwa ombi zito, maana salamu za Shangazi huanzia kwako zikaishia kwa paka wa jirani. Simu ikaita kwa spika. Mwalimu akapokea. Shangazi, kwa mazoea, akainyakua, akaibana kati ya sikio na bega, akapiga ukelele: "Ndiyo!"

"Ndiyo nini?" sauti ikauliza, na simu ikazima.

Tukatazamana. Kisha akasimama, akavaa viatu, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Unakwenda wapi?"

"Simu ndiyo iliyoisha chaji. Mimi bado."

Alitembea kwa kasi hadi nikawa namkimbilia. Mwalimu alifungua mlango simu ikiwa sikioni, anaita, "Haloo? Haloo? Ndiyo nini?" Alipotuona akainua kidole.

"Samahani, usikate," akaiambia simu, "nina mgeni mlangoni."

Shangazi akampokonya ile simu, akaitia mfukoni mwake.

"Mgeni ni mimi," akasema. "Nimekubali."

Mwalimu akalia pale pale kizingitini, nami nikalia naye.