Wa Chini

Jina halisi la yule kinyozi lilishasahaulika mtaa mzima. Walimwita Redio, na hapo waliionea redio, maana redio ina kitufe cha kuzimia. Ukikaa kwenye kiti chake ulitoka na kichwa safi na masikio yamechoka. Alikupa habari za bei ya sabuni, za goti lake la kushoto, za paka wa jirani anayekoroma, na ukithubutu kuchangia neno, mashine ilisogea karibu na sikio lako ikinguruma. Nyumbani ndiyo usiseme. Mkewe akianza, "Leo sokoni nimeona..." yeye keshadakia kwamba alichokiona yeye sokoni ni kikubwa zaidi, na sokoni kwenyewe hakukanyaga.

Miaka ikaenda hivyo. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, wakahamia mbali ambako, nasikia, kuna utulivu. Mama wa watu akabaki na Redio wake. Ndipo akajiunga na darasa la kushona mfarishi.

Mfarishi, kwa asiyeujua, ni lile blanketi la vipande vya nguo vilivyoungwa, lenye pamba katikati. Darasa lilikuwa la wasiojua hata kutunga uzi kwenye sindano. Mfundishaji alikuwa mwanamama mrefu, mkali, rula haimtoki mkononi, ambaye hata wakwe zake walimwita Mwalimu. "Kateni miraba iliyo sawa," alisema. "Sikusema karibu sawa. Karibu sawa waachieni wapishi. Na acheni upana wa kidole pembeni, maana mshono nao unataka chake." Mke wa Redio akakata nguo kuukuu za nyumba nzima. Akajifunza kuunga vipande viwili viwili, kisha mstari, kisha mstari kwa mstari. Kulaza mishono upande mmoja kwa pasi. Kutandaza kitambaa cha chini, pamba juu yake, na vile vipande juu ya pamba. Na kushikiza vyote kwa pini ili visitembee. "Kushona sasa," Mwalimu akasema, "mnaanzia katikati mnaelekea nje. Mkianzia pembeni, mikunjo yote itasukumana katikati kama ndugu kwenye mirathi."

Hapo ndipo balaa ilipoanzia. Ilitakiwa fremu ya mbao ya kuuwamba mfarishi, na chumba cha darasa kilikuwa kidogo mno. Sebule ya Redio ilikuwa na nafasi. Basi makochi yakahamia jikoni, televisheni ikapanda juu ya friji, na fremu ikaungwa pale sebuleni, ukuta hadi ukuta, kimo cha kiuno. Wanawake wakaizunguka na viti vyao. Mke wa Redio akashika sindano, akanyoosha mkono. Wapi! Kushona kunataka mkono mmoja juu wa kuteremsha sindano na mwingine chini wa kuipandisha, na pale katikati hakuna mkono wa binadamu unaofika kwa chini.

Wakati huo huo Redio alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Kitana kikamponyoka, kikateleza chini ya fremu. Akakifuata kwa magoti, huku anasimulia jinsi vitana vya siku hizi visivyo na adabu, na ncha ya sindano ikachomoza mbele ya pua yake. Kwa kujiokoa tu, akairudisha juu.

Juu, Mwalimu akaiinamia ile sindano.

"Nani huyo?" Mwalimu akauliza.

"Mume wangu," mke akajibu kwa unyonge.

"Imerudi wima. Tangu darasa lianze hakuna aliyeirudisha wima. Asitoke."

"Asitoke kwenda wapi?" Redio akadakia. "Mimi nimekuja kutafuta kitana, tena niwaambie..."

"Bwana, sikiliza. Mfarishi una mikono miwili, wa juu na wa chini. Mkono ukibadilika, mshono unaonekana. Wa chini akishaanza ndiye huyo huyo mpaka mwisho. Na wa chini hasemi, kwa sababu kazi yake nyingine ni kutushikia pini." Mwalimu akainama, mkono wake mrefu ukaingia chini ya kitambaa na kumpachika pini kwenye midomo, kama wafanyavyo mafundi cherehani. Redio alikuwa na majibu tele ya kumpa, lakini hakuna hata moja lililoweza kupita katikati ya pini zile.

Basi akawa wa chini. Akapewa godoro, mto na taa ya betri. Chakula kilisukumwa kwenye sinia, na hapo tu pini zilipumzishwa. Msalani alikwenda kafunikwa shuka gubigubi, Mwalimu nyuma yake, asije akakutana na mtu wakaanza soga na mkono ukapoteza uzito wake. Mnacheka? Hata yeye alicheka kimoyomoyo. Alikuwa anakusanya kisa cha kuwachosha wateja mwaka mzima.

Kisha akaja mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye pikapu na biashara ya mbao, akaegemea fremu na kuuliza, "Dada, sasa unakuja lini?"

"Mfarishi ukiisha tu. Siku ya kukata uzi wa mwisho, njoo na gari. Nahamia kwako."

"Na shemeji je?"

"Atabaki na sauti yake."

"Hee! Si yuko hapo chini? Anasikia."

"Huyo?" mkewe akasema, na sindano ikashuka. "Tangu lini akasikia?"

Redio aliitazama ile sindano ikining'inia juu ya kifua chake. Aliogopa. Nawaambia aliogopa kama hajawahi kuogopa. Alitaka kutoka mbio akajitetee, na utetezi alishaupanga, wenye utangulizi na mifano. Lakini akaona jambo moja, pengine la kwanza kuliona maishani: akitoka akianza kusema, mke hatangoja hata mfarishi uishe. Lakini akibaki chini na mfarishi usiishe, haondoki. Akairudisha sindano juu, polepole.

Mkakati wake ukawa ni huo, kuchelewesha. Sindano ikishuka anaishika, anaigeuza, anaitafutia tundu sawasawa kana kwamba anachimbia nguzo ya nyumba, ndipo anairudisha. Mkewe juu anagonga kitambaa na kile kikofia cha chuma cha kidoleni, ko-ko-ko, yeye kimya kama maji mtungini. Loo, kumbe anajichimbia kaburi! Kwa kutulia kule mishono ikatoka midogo, imenyooka, hakuna wa kufumua wala kurudia. Mwalimu akaipima kwa rula na kutoa chozi moja. Kazi ikaenda mbio. Redio akajaribu kurudisha sindano kombo, mkono ukakataa. Alishaingiwa na ugonjwa wa fundi, ule wa kushindwa kuharibu hata pale uharibifu ungekufaa.

Wateja nao wakaanza kumtafuta. Wa kwanza alikuwa mlinzi wa benki, pande la mtu, akaingia chini kwa tumbo na kumlalia mapajani. Redio akamnyoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto unangoja sindano. Mlinzi akangoja habari. Hakuna. Akangoja tena. Kimya kilipomzidi, akaanza mwenyewe: anaogopa giza. Amekuwa akiliogopa tangu utotoni, na kila jioni anaingia zamu akiimba ili asilisikie. Alitoka pale amenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine, akawaambia watu hajawahi kunyolewa namna ile. Kesho yake foleni ilifika barabarani. Watu wazima walitambaa chini ya mfarishi, wakanyolewa, wakalia, wakaondoka wakishukuru. Redio alikuwa amevinyoa vichwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na sasa ndiyo anajua kilichokuwa ndani yake.

Juu, mkewe naye alizungumza. Alizungumza na wenzake bila haraka, mwanzo, katikati, mpaka mwisho. Redio akagundua kwamba mke wake ni mcheshi. Alimwiga mwenye duka, akamwiga na mbuzi wa mwenye duka, na wanawake wakashikana mbavu. Redio naye alicheka mpaka pini ikamchoma mdomo, na papo hapo uchungu ukamshika. Kicheko hiki chote kilikuwa nyumbani mwake na yeye hakukijua. Alimpenda upya, akiwa kalala chali pale kama mtu anayetengeneza gari, na kila mshono ulimsogeza karibu na kuachwa.

Siku ikafika. Ukingo ukavishwa utepe pande zote nne, uzi wa mwisho ukakatwa, na wanawake wakainua fremu kwa pamoja. Mwanga ukamwangukia Redio, akakunja uso. Alikuwa na ndevu. Kinyozi, jamani, ana ndevu! Nje pikapu ilipiga honi. Sanduku la mkewe lilikuwa mlangoni, limefungwa.

"Wa chini kama huyu sijapata kumwona," Mwalimu akawatangazia. "Hajatoa neno hata moja."

"Chini ya kitambaa hata kuku hunyamaza," mkewe akasema. "Mfunike uone. Mimi nataka kumwona huyu kwenye mwanga, hana pini."

Redio akazitoa pini, akamkabidhi Mwalimu. Akakaa kwenye kigoda. Mkewe akasimama mbele yake, mikono kiunoni, na darasa zima likasogea.

"Mimi na huyu bwana," akaanza, "tulioana siku ya mvua."

Mvua! Lilikuwa jua la kupasua mawe, shingo yake ilibabuka! Mdomo ukafunguka wenyewe. Wanawake wakainama mbele. Redio akaufunga.

"Alikuja na suti ya kijivu, ya kuazima."

Ya kahawia, tena yake mwenyewe, kashonesha kwa vipimo! Jasho likamteremka. Akajikaza kisabuni.

"Kwenye sherehe alicheza vibaya."

Hili lilikuwa kweli, likampa nafasi ya kuvuta pumzi.

"Na niseme ukweli, niliyemtaka hasa ni kaka yake."

"Mama yangu!" mmoja akaguna. Redio akashika magoti yake kwa nguvu. Kaka yake! Kaka yake mwenye meno yale! Jibu likapanda, likapita kooni, likakaa kabisa kwenye ncha ya ulimi, na akalimeza likishuka linakwaruza. Machozi yakamlengalenga kwa kazi ile. Honi ikalia tena, na hakuna aliyegeuka.

Mkewe akashusha mikono kutoka kiunoni. Aliposema tena, sauti haikuwa ile ya kuchokoza.

"Mama yangu alipokaribia kufa nilikwenda kumuuguza. Nilirudi baada ya mazishi, nikakaa hapo jikoni, nikakwambia, 'Mama ameniachia neno.' Ukasema hata mama yako alipokufa ilikuwa hivyo hivyo. Ukanieleza jeneza la mama yako, na mvua, na nani alichelewa. Chai ikapoa. Ukaenda kulala. Lile neno sijamwambia mtu mpaka leo."

Redio akalitafuta hilo kichwani ili walau alikanushe. Suti aliikumbuka, jua alilikumbuka, hata meno ya kaka yake aliyahesabu. Jikoni hakujiona. Hakukuwa na chai, hakukuwa na mkewe amekaa, hakukuwa na kitu. Alikuwepo pale na hakuwepo. Hili hakuweza kulisahihisha hata kama wangempa ruhusa, na aibu ikamkaa mwilini kama homa.

"Haya," mkewe akasema. "Nimemaliza. Sema sasa."

Mwalimu akajiziba mdomo kwa rula. Wanawake wengine walifumba macho, maana walimjua mtu wao, na wakajiandaa kwa gharika. Redio akafungua mdomo. Ile hotuba yake, yenye utangulizi na mifano, ilikuwa imekwenda zake, hakuipata hata mkia.

"Mama alikuachia neno gani?" akauliza.

Mkewe alikwenda mpaka mlangoni, na kila mtu akajua ndiyo basi tena, anachukua sanduku. Akashika mlango, akawageukia wenzake. "Tokeni nje," akasema. "Nyote. Mwalimu, na wewe pia."

Wakatoka wakisukumana, mlango ukafungwa nyuma yao, sanduku likiwa bado ndani. Hawakwenda mbali, tusidanganyane. Walibandika masikio kwenye mbao, wakasikiliza. Maneno hawakuyapata, lakini sauti waliisikia vizuri, na ilikuwa moja tu, ya mwanamke, inakwenda, inasita, inakwenda tena.

Mdogo mtu akapiga honi kwa mara nyingine. Mwalimu akaenda kwenye dirisha la pikapu na kumwambia azime gari, mafuta yanaisha bure.