Programu Nyepesi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba, akabonyeza herufi moja, akashusha mikono mapajani, akasubiri. Herufi ilikwisha kutokea. Akabonyeza ya pili, akasubiri tena.

"Huyu anachapa au anatega panya?" mwalimu wa uchapaji akauliza, na darasa zima la Jumamosi likacheka. Kisha akanigeukia. "Mama, mtoto bado. Mlete wiki ijayo. Akishindwa kumaliza aya moja bila kusimama, nafasi nampa mwingine."

Sikumwambia kuwa mimi ni dada, si mama. Kule kusubiri nilimfundisha mimi.

Nyumbani tuna kompyuta kuukuu niliyopewa ofisini ninakofanya usafi. Fundi wa mtaani kwetu aliitia programu ya kuandikia, kubwa kuliko mashine yenyewe. Ukibonyeza herufi, unapumua mara tatu ndipo itokee. Mtoto akiharakisha, herufi zinajificha, halafu zinamwagika zote kwa pamoja, naye analia. Nikamwambia: bonyeza, ngoja uione, ndipo ubonyeze nyingine. Miezi miwili ameshika somo langu, maskini, na amelishika vizuri.

Nilipitia nyumbani, nikambebea fundi ile kompyuta hadi kibandani kwake.

"Nataka programu nyepesi," nikasema. "Ya kuandika tu."

"Dada'angu, nimekuwekea ile wanayotumia mabenki."

"Mtoto hana benki."

"Nyepesi ni za watu wasiojua kompyuta. Kwani wewe uliishia darasa la ngapi?"

La tano. Anajua, tumekua mtaa mmoja. Wateja wawili kwenye benchi wakatazama viatu vyao. Nilikuwa na maneno mengi, nikayameza. Nikaweka kompyuta mezani kwake, nikavuta kigoda, nikakaa katikati ya mlango. Akaja mtu, akasema samahani dada, sikusogea.

"Unaniziba riziki," fundi akasema.

"Nyepesi," nikasema.

Akafyonya, akaiwasha mashine, akagusa hapa na pale. Likafunguka dirisha jeupe, tupu, lisilo na urembo wowote. Akabonyeza herufi, ikatokea kidole kikiwa bado juu ya kitufe.

"Ndiyo umeiweka sasa hivi?"

"Ilikuwemo tangu mwanzo," akajibu bila kunitazama. "Inakuja na mashine."

Tangu mwanzo. Na mtoto nimemgombeza miezi miwili.

Nyumbani mdogo wangu alibonyeza, herufi ikatokea papo hapo, na mikono ikarudi mapajani. Nikachukua taulo, nikakifunika kioo.

"Sasa nitaonaje, dada?"

"Usione. Mimi nataja maneno, wewe unachapa."

"Unataja nini?"

"Barua ya kumwandikia fundi."

Nikaanza. Yote niliyoyameza kule kibandani yakatoka: kwamba ujuzi wake ni wa kujionyesha, kwamba mtoto wa watu amechekwa na darasa zima kwa uvivu wake. Vidole vikababaika, vikajikwaa, kisha vikashika njia, vikawa vinanifuata nyuma nyuma. Nilipofika kwenye lile swali lake la darasa la ngapi, nikaishia hapo.

"Dada, mbona unasimama?" mdogo wangu akauliza, mikono juu ya vitufe. "Taja."