Mama Ngoma Anakuita

Redempta alifundisha ngoma katika kikundi cha shirika moja la umma pale Sumbawanga, mpaka shirika lenyewe likauzwa. Mnunuzi alitaka mashine, hakutaka wacheza ngoma. Mjini waliendelea kumwita Mama Ngoma, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Hospitali ya misheni ikampeleka Mbeya kusomea unasihi. Alifundishwa kutulia kitini na kutunza siri. Kutulia kulimshinda. Bertha, mjane kutoka Mwimbi, alipokuja kupima ukimwi uliomuua mumewe, Redempta aliyaona mabega yake yamepanda hadi masikioni.

"Vua viatu, mwanangu. Simama. Shusha pumzi mpaka tumboni."

Bertha akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Wakwe wamesema nikikutwa nao, naondoka," alisema. "Mwanangu Modesti anabaki."

Damu ilipelekwa Mbeya, majibu yakarudi: Bertha ni mzima. Furaha ikampanda Redempta kichwani. Sokoni akamwona Kornel, shemeji yake Bertha, akipakia magunia kwenye lori la Mwimbi. Siri ya majibu aliitunza kama alivyofundishwa; sauti ndiyo hakuitunza.

"Kornel! Mwambie Bertha Mama Ngoma anamwita! Asikawie!"

Watu wakageuka, vijana wakaguna. Masikini Redempta! Kozi ilimfundisha neno "virusi", haikumwambia kwamba vijiweni ukimwi wenyewe siku hizi uliitwa ngoma.

Bertha hakuja. Redempta akapanda lori kumfuata, akamkuta nje ya nyumba ya wakwe, amekalia furushi la nguo zake. Akamnong'oneza majibu.

"Waambie wao," Bertha akasema.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Bertha ni mzima. Hana ugonjwa wowote."

"Marahaba. Mbona sokoni hukusema hivyo?"

"Ilikuwa siri yake, mama."

"Siri, na soko zima limesikia? Lisemwalo lipo. Nina mabinti hawajaolewa. Nani atakuja kuposa kwenye nyumba iliyoitwa na Mama Ngoma?"

Mama mkwe akaingia ndani, akafunga komeo.

Bertha akausogelea mlango. "Modesti!"

"Mama!" mtoto akaitika.

"Modesti!"

Akaitika tena, nusu. Kuna mtu alimziba mdomo.