Kocha wa Kunong'ona

Sauti ya Nyanchera ilikuwa ikitoka uwanjani ikafika barabarani. Wasichana wake wa voliboli pale shule ya Sironga walimtania kwamba kipenga alikivaa kama mkufu tu.

Siku moja aliinuka kwenye benchi, macho yakaingia giza, akaanguka. Alisema ni njaa. Lakini kuanguka kukazidi, mkojo ukawa haungoji, mkono wa kulia ukakakamaa, akawa anatembea ametanua miguu kama mtu aliye kwenye matope. Akapewa dawa za ugonjwa wa kutetemeka. Hazikumsaidia.

Kule Kisii, Daktari Hodan alimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, akatazama picha za ubongo kwa muda mrefu.

"Mwalimu, sitakuficha. Sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo, presha na kibofu zinakufa pamoja. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu hakuna. Mambo ya kukusaidia kuishi vizuri, yapo mengi."

"Nitafundisha?"

"Kwani unafundisha kwa miguu?"

Nyanchera alicheka, jambo ambalo Ogeto, mume wake, hakuwa amelisikia tangu mavuno.

Akaanza kuvaa soksi za kubana na kunywa maji kabla ya kuinuka. Ogeto aliinua kitanda kwa matofali upande wa kichwani. Nafuu ilikuja, ikakaa kidogo, ikaondoka. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anakula ndizi zilizopondwa laini ili asipaliwe. Kisha sauti nayo ikafifia, ukabaki mnong'ono.

Mwalimu mkuu akamshauri apumzike.

"Nipe msimu huu," alinong'ona.

Wasichana wakajifunza kunyamaza. Wakajifunza vidole vya mkono wake wa kushoto: kimoja, zuieni katikati; viwili, zuieni pembeni. Kadiri walivyomtazama yeye ndivyo walivyozidi kutazamana wao kwa wao, na timu ikawa kali kuliko alipokuwa akifoka.

Fainali ya kaunti ilichezwa Nyamira. Kocha wa wapinzani alipayuka mpaka akakauka koo. Kwa kina Nyanchera, kimya. Seti ya mwisho pointi zilifungana, kisha wasichana wake wakatangulia kwa moja; ilibaki moja tu washinde, na yeye hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa akilitazama bega la mpigaji mrefu wa wapinzani. Kila alipotaka kupiga pembeni, bega lilitangulia kugeuka.

Likageuka. Nyanchera akainua vidole viwili, vikitikisika.

Nyakerario, kapteni, aliviona. Akaruka pembeni na mwenzake, mikono juu. Mpira ukagonga viganja ukarudi ulikotoka, ukaanguka chini kwa wapinzani.

Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Wasichana walimfikia wote kwa pamoja, wakakiinua kiti na yeye ndani yake, Ogeto akiwakimbilia huku analia, "Polepole, jameni, mshikeni vizuri." Kutoka kule juu Nyanchera aliuona uwanja mzima umesimama, na kifua chake kikajaa furaha ambayo ugonjwa haukuwa na mahali pa kuishika.

Walipomshusha, midomo yake ikacheza. Nyakerario akainama, akasikiliza, akawageukia wenzake.

"Amesema Jumatatu kuna mazoezi. Na atakayechelewa ataokota mipira."